Matanga Msituni

Dada Domina alikwisha kata shauri kwamba nisipolia nitapata wazimu, na Dada Domina akikata shauri hata bunge haliwezi kulibadilisha. Ndiyo maana Jumamosi ile ya Oktoba, mwaka wa sabini na nne, nilijikuta nimebanwa kwenye kiti cha nyuma cha Volvo ya mume wake, katikati ya sufuria na mablanketi, tunaiacha Stockholm kwenda kulala porini kama majambazi.

Ngoja nieleze vizuri, maana watu hupenda kuisimulia hadithi hii bila mimi na kuiharibu. Mama yangu alifariki kwetu Kanyigo, Bukoba, mapema mwezi wa Septemba. Kaka yangu Ladislaus alinipigia telegramu, na telegramu ikapita inakokujua yenyewe. Iliponifikia Hagsätra, mtaa wa pembeni mwa Stockholm nilikopanga, mama alikuwa ameshazikwa na watu wameshatawanyika. Niliisoma mlangoni, nimevaa soksi mguu mmoja. Nikavaa ya pili, nikaenda kazini.

Kazi yangu ilikuwa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, kupitisha mashuka kwenye mashine ya pasi. Nilikuja Uswidi kusomea uuguzi. Habari ya jinsi nilivyoishia kwenye mashuka ni ndefu na inaniudhi, tuiache. Siku ile nilipitisha mashuka kama siku zote. Jioni nikachemsha viazi, nikala, nikalala, tena usingizi mzuri kabisa. Hapo ndipo nilipoogopa. Mtu amefiwa na mama yake mzazi, halafu anakoroma!

Msidhani sikujaribu. Nilijifungia bafuni, nikafungua bomba ili majirani wasisikie, nikakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea nikawa namkumbuka mama kwa nguvu. Nikakumbuka mikono yake ikimenya ndizi bila kuangalia kisu. Nikakumbuka alivyosimama pale bandari ya Bukoba siku ninaondoka, amekunja uso, akinigombeza kwa sababu sweta langu lina kifungo kimoja kimelegea. Hakuna kitu. Nilikuwa nataka kulia kama mtu anavyotaka kupiga chafya, iko karibu, iko karibu, halafu inarudi zake. Nikafunga bomba.

Mwezi ukapita hivyo. Nilikuwa na ganzi mwili mzima. Mtu akinisalimia naitikia, basi likija napanda, chai ikiwa ya moto naungua ulimi na sijali. Nikaanza kujiuliza kama hii nchi imenitoa moyo nikiwa nimelala na kuniwekea kitu kingine, maana siku zile walikuwa wanafanya mambo mengi ya ajabu mahospitalini.

Dada Domina si dada yangu wa tumbo moja. Ni wa Bukoba kama mimi, mkubwa kwangu, alikuja akimfuata mumewe Method aliyekuwa fundi wa mitambo, wakakaa Skärholmen. Kila mtu wa kwetu aliyepata msiba, harusi au mimba alipitia kwake. Aliposikia habari yangu alikuja Hagsätra mbio, na alipofika kwenye ngazi za jengo akaangua kilio, kama inavyopasa, maana kwetu mwanamke haingii nyumba ya msiba kimya kama mwizi. Akapanda ngazi zote analia. Alipofika sebuleni na kujitupa sakafuni, bwana wa ghorofa ya chini akaja kugonga mlango. Akatuomba, kwa adabu zote, tupunguze redio.

"Redio!" Domina akasema, akakaa. "Mimi ni redio?"

Nilijua hapo ningecheka au ningelia. Sikufanya lolote. Nilimwomba radhi yule bwana, nikafunga mlango, nikaenda kuchemsha chai. Domina akanitazama vile nilivyokuwa napanga vikombe, akaanza kuogopa pia.

Kuanzia siku ile akawa na sheria moja, akairudia kila Jumapili baada ya misa. Matanga yanataka moto wa nje, wanaume walale hapo. Yanataka kilio cha mtoto wa marehemu. Mtoto akishalia anakwenda majini, anaoga, anavaa nguo nyingine, ndipo matanga yanaanuliwa na watu wanarudi kwenye shughuli zao. Asipolia, haogi. Asipooga, msiba unabaki naye, anatembea nao mpaka unamkalisha. "Nimewaona wa hivyo," alisema. "Wanakuwa watu wa kuangalia ukuta." Na mimi, wallahi sikumwambia, lakini ukuta nilikuwa nimeshaanza kuuangalia.

Moto wa nje utauwasha wapi Hagsätra? Kwenye bembea za watoto? Ndipo Method akakumbuka ziwa moja msituni, mbali upande wa kusini, ambako wenzake wa karakana hupiga kambi ya uvuvi wakati wa joto. Majira yale ya majani kuanguka hapana mtu anayekwenda, akasema. Mtalia mpaka mchoke.

Tuliacha gari mahali ambapo barabara ya kokoto inaishia, tukabeba mizigo kichwani na mgongoni, tukatembea. Aliyetangulia alikuwa Mashauri, Msukuma wa Mwanza, mfanyakazi wa jikoni katika mgahawa fulani mjini. Kwa kuwa msiba hauendi bila mtani, na mtani wangu halisi Stockholm nzima hakupatikana, Mashauri alijiteua mwenyewe. Kazi aliianza palepale njiani.

"Tazameni Mhaya huyu! Mama wa watu amelala udongoni, binti yake amebeba mto wa kulalia. Na mto wenyewe una maua!"

"Mashauri, nyamaza utazame njia," nikamwambia.

"Sinyamazi. Leo huna wa kunishtaki."

Pale kambini palikuwa na kibanda cha magogo chenye kuta tatu, upande wa nne uko wazi unatazama ziwa. Mbele yake mawe yamepangwa duara kwa ajili ya moto. Palikuwa na kuni zimefunikwa kwa mabati, mashua ndogo ya makasia imepinduliwa chini ya msonobari, na choo cha shimo ambacho mlango wake ulifungwa kwa waya. Basi. Hakuna bomba, hakuna taa, hakuna mtu. Maji ya ziwa yalikuwa meusi, na majani ya manjano yametapakaa juu yake pembezoni. Mashauri alifungua ule mlango wa choo, akachungulia shimoni, akageuka.

"Nilitoroka choo hiki kwetu," akasema, "nikavuka bahari na nchi zote hizo. Kumbe kilikuwa kinanifuata."

Domina alicheka mpaka akashika mti. Mimi niliona kwamba ni jambo la kuchekesha, nikaliona kabisa, kama unavyoona kitu dirishani kwa mtu. Nikashusha mto wangu wa maua nikauweka kibandani.

Jioni tuliwasha moto mkubwa. Ndizi hazikuwapo, tukala viazi na maharage na samaki mkavu, na Domina akagawa kahawa ya kutafuna aliyoitunza kwenye kopo, punje chache kila mtu, kama kwenye msiba wa kweli. Halafu wakaanza kazi ya kuniliza. Sina jina jingine la kuipa. Kila mmoja alisimulia habari za mama yake, polepole, kwa sauti ya chini, na baada ya kila habari wote wanageuka kunitazama usoni. Domina alisimulia mama yake alivyouza gora la kitambaa ili yeye amalize shule. Mashauri hata utani aliuweka kando, akaeleza jinsi mama yake alivyokuwa akimnyoa na kumwimbia. Method aliposimulia yake akalia yeye mwenyewe, akalia kwa kwikwi, mabega yanatikisika. Na mama yake Method yu hai, mzima, ana nguvu za kupiga watu!

Mimi nilikuwa natazama moto. Vidole vya miguu vilikuwa vimekufa kwa baridi na nilikuwa nawaza kama nilizima jiko.

"Adelina," Domina akasema mwishowe, na hakusema kwa ubaya, "una moyo wa namna gani, mdogo wangu?"

Afadhali angenipiga kofi. Niliumia kusikia swali lile, lakini hata maumivu yenyewe yalikuwa ya mbali, kama jino lililopigwa sindano. Unajua wanang'oa, husikii wanachong'oa. Nikamwambia nimechoka. Akanifunika blanketi mpaka kidevuni.

"Kesho asubuhi ndiyo mwisho," akasema. "Tukishauzima huu moto hatuuwashi tena. Method ana kazi, Mashauri ana kazi. Jitahidi."

Jitahidi! Kama mtihani wa hesabu.

Kulipokucha kulikuwa na ukungu mzito juu ya maji, na nyasi zimekuwa nyeupe kwa barafu nyembamba. Domina aliwaamsha wanaume akawafukuza waende kwenye gari wakangoje huko, kwa sababu mwanamke atakuja kuoga na wao hawana la kutazama. Wakaondoka wanasinzia, Mashauri anauliza kama kuna mkate uliobaki. Tukabaki wawili. Domina akanivua viatu na soksi, kwa kuwa mfiwa hutembea pekupeku kwenda majini. Akanivua khanga nyeusi niliyojifunga tangu telegramu ilipofika. Akavipeleka kwenye jiwe bapa pale ukingoni, akavipanga vizuri, viatu chini, khanga imekunjwa juu yake, na kando kipande cha sabuni. Mimi nikasimama kwenye barafu na gauni tu.

"Haya," akasema. "Mimi naanza, wewe unafuata. Ukishalia unaingia majini. Usipolia huingii."

Akashika kichwa kwa mikono miwili, akafungua kinywa. "Mama weee! Mama Ladislaus weee! Umetuacha na nani! Mama weee!"

Nani aliwahi kumsikia Domina? Sauti ile ilitoka, ikagonga miti ya ng'ambo, ikarudi. Ndege wakaruka kutoka majini. Alilia kweli, machozi yanamwagika, anainua mikono, anaishusha, anakwenda na kurudi pale ukingoni. Mimi nikafungua kinywa changu. Nikasema, "Mama." Ikatoka kama mtu anayeagiza maziwa dukani. Nikakifunga.

Sasa, msimu ule ndio msimu wao wa kuwinda wale wanyama wao wakubwa kuliko ng'ombe, wenye pembe pana. Sisi hatukujua. Tungejuaje? Method alisema hapana mtu. Kwanza akatokea mbwa, kisha akatokea mzee anakimbia kutoka msituni, bunduki begani, kofia ina utepe mwekundu, anahema mpaka nikadhani ataanguka. Mzee wa umri wa babu. Akatupa bunduki yake juu ya nyasi.

"Kuna nini?" akauliza kwa Kiswidi. "Kumetokea nini hapa?"

Domina, Kiswidi chake kilikuwa cha dukani, na hata kingekuwa cha chuo kikuu, mtu aliye katikati ya kilio hakikatishi ili atoe maelezo. "Mama!" akalia. "Mama yake! Mama!" Akanionyesha mimi, kisha mkono wake ukaendelea na mwendo wake wa kilio, ukaruka hewani, ukaangukia upande wa ziwa.

Yule mzee akatazama ziwa. Akaona jiwe. Akaona viatu vya kike vimepangwa, khanga imekunjwa juu yake, na hakuna mwenyewe. Akaniona mimi pekupeku kwenye barafu, macho makavu, nimeganda, na mwanamke wa pili anapiga mayowe. Huko kwao watu hawapazi sauti hivyo isipokuwa mtu anakufa wakati huohuo. Nikamwona anavyoelewa. Nikaona uso wake unabadilika, na nikajua kabisa anachofikiri, kwamba mwanamke ameingia kwenye maji yale na hajatoka. Na sikusema kitu. Ulimi ulikuwa umelala mdomoni.

Akanishika mabega. "Jina lake? Mama yako anaitwa nani?"

Miaka tisa nchini kwao. Miaka tisa ya kusimama mbele ya madirisha ya ofisi, nikiulizwa jina, natoa jina. Kinywa kikajijibia chenyewe.

"Leokadia."

Kilio cha Domina kikakatika papo hapo. "Yesu na Maria! Adelina! Unamtaja mama yako?"

Maana hilo halifanywi. Mtoto hamtaji mama yake kwa jina, hata akiwa mzee mwenye wajukuu. Mama alikuwa Mama, na kwa majirani alikuwa Mama Ladislaus, na baba alipokuwa hai alimwita kwa jina la ukoo wake. Jina lile nililisikia kanisani tu, mdomoni mwa padre, na hata hapo nilikuwa natazama chini. Mimi mwenyewe sikuwahi kulitamka maishani mwangu. Nililitamka mara ya kwanza asubuhi ile, nikampa mtu nisiyemjua, kama mtu anavyotoa kitambulisho.

Naye hakusubiri. Alikwisha ipindua ile mashua, ameiburuta peke yake, maji yanamfika magotini, kisha ameruka ndani na makasia yanakwenda. Mbwa akabaki ukingoni anabweka. Ukungu ulikuwa unapanda na tulimwona vizuri: mzee wa watu, kofia imeanguka, anapiga makasia kwa nguvu asizokuwa nazo. Alipofika katikati akaacha makasia, akasimama, mashua inayumba, akainama kutazama chini upande huu na upande ule. Halafu akaweka viganja mdomoni.

"Leokadia!"

Alilivuta jina kwa lafudhi yake, akakaza pasipokazwa. Likaenda mpaka ng'ambo.

Kisha akanyamaza, akageuza kichwa, akatega sikio.

Alikuwa anangoja jibu. Jamani, alikuwa anangoja kweli! Watu wote tangu Septemba, Ladislaus na telegramu yake, padre na sala yake, Domina na sheria zake, wote walikuwa wameshamaliza na mama. Hakuna aliyemngoja. Huyu hapa, mtu asiyemjua, miguu imelowa kwenye maji ya barafu, amesimama kwenye mashua anamngoja mama yangu aitikie.

"Leokadia!"

Na mimi nikajikuta nasikiliza. Nilisikiliza kwa mwili mzima, nimezuia pumzi. Mama akiitwa alikuwa haitiki mara ya kwanza. Atakuwa migombani, atakuacha uite, kisha mara ya pili au ya tatu utamsikia kutoka huko nyuma, "Abee!", kwa sauti ya mtu uliyemsumbua. Nikangoja hiyo abee. Mbwa akanyamaza naye. Majani yakaanguka majini. Nikangoja mpaka mahali pake pa kuitikia pakapita.

Mama hakuitika.

Kitu kikanivunjika hapa, chini ya kifua. Sikujua kuwa nimepiga magoti mpaka nilipohisi barafu. Sauti iliyonitoka siikumbuki na sitaki kuikumbuka, lakini Domina anasema mpaka leo kwamba Method na Mashauri waliisikia kule kwenye gari, wakaanza kukimbia. Nililia kilio cha mwezi wote ule, nikalia mate na kamasi, nikala udongo. Vidole vyangu vikaanza kuuma, miguu ikauma, masikio yakauma, baridi yote niliyokuwa sijaisikia ikanijia kwa mara moja.

Domina alinikumbatia na yeye analia, anasema, "Ndiyo, mama, ndiyo, lia." Kisha akatazama ziwani, akashtuka, akafuta uso kwa mkono.

"Mungu wangu, yule mzee! Adelina, yule mzee anadhani kuna mtu majini! Atashikwa na baridi afe, tupate msiba wa pili!" Akasimama, akajaza kifua hewa ili amwite arudi.

Nikamshika gauni, nikalivuta kwa mikono miwili mpaka nikasikia mshono unaachia.

"Mwache," nikamwambia. "Dada, nakuomba. Mwache amwite tena kidogo."